Punje za Njiani

Wajukuu zangu mnaoanza kazi ya uuguzi, na ninyi mnaosomea utabibu na kupita hapa Nyasho, Musoma, kila asubuhi mkiwa mmekunja makoti meupe mkononi ili vumbi lisiyachafue, leo kaeni kidogo. Sina dawa ya kuwagawia. Nina maneno tu, na maneno ya mstaafu hayaishi kwa kikombe kimoja cha chai, kwa hiyo msiangalie saa.

Juzi binti wa jirani yangu, Rehema, aliye mwaka wa pili chuoni, alikuja kunionyesha kile kifaa kidogo cha kubana kidole kinachosoma oksijeni mwilini. Akanibana kidole, tukasubiri, kikaandika tisini na saba. Akafurahi kama vile amenitibu yeye. Kisha akaniuliza, "Bibi, zamani kabla ya hiki mlikuwa mnatumia nini?" Nikamwambia tulitumia macho. Akacheka, akidhani natania. Sikutania. Kwa zaidi ya miaka thelathini, Bunda, Butiama na Bugwema, nimeitafuta nimonia kwa macho, kwa saa ya mkononi na kwa punje za mahindi. Hizo punje ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Mimi ni Wakuru, mzaliwa wa Butiama. Wagonjwa waliniita Sista, na hata leo nikienda sokoni kununua dagaa kuna mtu ataniita Sista halafu anipandishie suruali anionyeshe kidonda. Mjiandae. Kazi hii haina kustaafu, ina kuacha kusaini daftari la mahudhurio tu.

Aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa tabibu mmoja mnene kule Nyasura, Bunda, tuliyemwita Mzee Kisire. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na alama nzuri, kwa hiyo nilijua kila kitu. Siku ya kwanza aliniuliza nimonia ni nini. Nikasimama wima nikamsomea kama shairi: ni uvimbe wa vifuko vya hewa ndani ya mapafu, unaosababishwa na bakteria, virusi au fangasi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa mwambie yule mama pale kwenye benchi. Yeye anafuga mbuzi."

Nikamgeukia yule mama, nikaanza upya na uvimbe wa vifuko vya hewa, naye akamgeukia jirani yake kuuliza nimesema nini.

Kesho yake Mzee Kisire alikuja kazini na mapupu ya mbuzi kwenye mfuko, ameyachukua buchani. Akatuita sote, wauguzi na wagonjwa waliokuwa na nguvu ya kusimama, akajaza ndoo maji. Akakata kipande cha pafu lenye afya, akakitupia majini. Kikaelea. "Hiki kimejaa hewa," akasema. "Pafu zima ni vifuko vidogo vidogo, vidogo kuliko punje ya ulezi. Kila kimoja kinapokea hewa na kuipitisha kwenye damu." Kisha akatoa kipande cha pili, cha mbuzi aliyekuwa mgonjwa, ambacho mwenye bucha alikuwa amekitenga akitupe. Kilikuwa kizito na chekundu cha kuiva kama ini. Akakitupia. Kikazama moja kwa moja mpaka chini ya ndoo.

"Hiyo ndiyo nimonia. Vifuko vimevimba, vimejaa maji na usaha. Hewa inabisha hodi, ndani hakuna nafasi. Ndiyo maana mtoto anahema mbio. Vifuko vilivyobaki vizima vinafanya kazi ya wenzao."

Yule mama mfuga mbuzi akainama juu ya ndoo, akasema, "Kumbe! Sasa si ungesemaga hivyo tangu zamani?" Nami nikaelewa siku hiyohiyo, pamoja naye, ingawa cheti changu kilidai nimeelewa mwaka mzima uliotangulia. Kipande kilichozama tulikifukia. Mapupu yaliyobaki ya yule mbuzi mwenye afya Mzee Kisire aliyabeba kwenda nyumbani kwake, akasema somo zuri halitupwi.

Ni yeye aliyenifundisha kuhesabu pumzi. Mtasema hilo nalo la kufundishwa? Subirini. Mtoto lazima awe ametulia, asiwe analia, asiwe ananyonya. Unamfunua nguo mpaka uone tumbo na kifua. Unaangalia kupanda, kila kupanda ni moja, na unahesabu dakika nzima, si nusu dakika halafu mara mbili, kwa sababu watoto hupumua kwa mtindo wao, mara haraka mara polepole. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika sitini, ni hatari. Wa miezi miwili mpaka karibu mwaka, hamsini. Wa mwaka mpaka miaka mitano, arobaini. Halafu unaangalia chini ya mbavu. Mtoto akivuta hewa na pale chini pakabonyea kwenda ndani, usiendelee kuandika, anza kukimbia.

Hilo la kumfunua nguo nilijifunza kwa aibu. Kulikuwa na mama mmoja amekaa kwenye benchi, mtoto amefunikwa kwa kitenge, foleni ndefu, nami nataka kuonekana mwepesi wa kazi. Nikaona kitenge kinapanda na kushuka, nikatoa saa, nikahesabu. Nikapata tisini na kitu. Nikapiga kelele, nikaita Mzee Kisire, nikaita dereva, nikamkimbilia yule mama nikafunua kitenge. Mtoto alikuwa upande wa pili, amelala salama. Upande wangu alikuwapo kuku, amefungwa miguu, anapelekwa kwa shangazi Nyasura. Kwa muda wote niliofanya kazi Bunda, nikichelewa kidogo Mzee Kisire aliuliza kwa sauti ili benchi zima lisikie, "Sista, leo umempima kuku gani?"

Basi, kwa ujuzi wangu huo wa kuku, nikahamishiwa zahanati moja ndogo kule Bugwema, jina lake nitaliacha. Vyumba vitatu, mhudumu mmoja, na mbuga ya udongo mweusi pande zote. Ule udongo ukinyeshewa, baiskeli inakubeba asubuhi na wewe unaibeba jioni. Huko ndiko nilikokutana na Bibi Nyangeta, na huko ndiko nilikofanya kosa ambalo lingemuua mtoto.

Bibi Nyangeta alikuja asubuhi moja ya mvua na mkwewe, Mama Masatu, msichana wa miaka kama ishirini asiyesema mbele ya mama mkwe ila akiulizwa. Mtoto, Masatu, alikuwa na miezi minane. Alikuwa akikohoa siku nne, na tangu jana yake hanyonyi vizuri. Nikamlaza juu ya meza, nikamfunua vizuri kabisa, hakuna kuku. Nikatoa saa. Na kwa kuwa nilitaka yule mama kijana aelewe, nikahesabu kwa sauti.

Nilipofika arobaini, Bibi Nyangeta alikuwa amesimama. Nilipofika sitini na tatu, alishika mkono wangu wenye saa.

"Wewe mtoto, unafanya nini?"

"Nahesabu pumzi za mjukuu wako, Bibi."

"Unazihesabia nini? Unataka ziishe? Mtu anahesabiwaga? Hata ng'ombe hatuhesabugi, itakuwa mtoto?"

Nikamjibu vibaya. Nilikuwa na miaka ishirini na nane na koti lililopigwa pasi. Nikamwambia hizo ni imani za kizamani, na kwamba mimi ndiye niliyesoma. Alimchukua Masatu mezani, akamfunga mgongoni kwa mkwewe, akasema wanakwenda kumwita mkata kimeo, maana kikohozi hiki ni kimeo tu kimeshuka. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Wakatoka kwenye mvua. Mama Masatu aligeuka mara moja mlangoni akanitazama, na yale macho ninayo mpaka leo.

Na jambo linaloniuma ni hili: mimi nilijua. Mimi ni mtoto wa Butiama. Mama yangu aliulizwa maisha yake yote ana watoto wangapi, na maisha yake yote alijibu, "Wapo." Baba hakutaja idadi ya ng'ombe hata mbele ya shemeji zake. Nilikuwa nimeyanyonya haya pamoja na maziwa, ila chuo kilikuwa kimeniosha mno, hata nikasimama mbele ya bibi wa watu na kuhesabu pumzi za mjukuu wake kwa sauti, kama mtu anayezifikisha mwisho. Angefanya hivyo mtu wa mbali tungemsamehe kwa kutojua. Mimi sikuwa na kisingizio.

Mtoto wa pumzi sitini na zaidi, asiyenyonya, akienda kukatwa koo, jioni haifiki. Nilikaa kwenye kiti pengine kwa muda wa kunywa maji. Kisha nikatia sindano na dawa kwenye mkoba, nikamwachia mhudumu benchi zima la wagonjwa, nikapanda baiskeli. Nusu ya njia niliiendesha. Nusu ya pili niliibeba begani, udongo umejaa kwenye magurudumu, na viatu nimevishika mkononi. Niliogopa, wajukuu zangu. Niliogopa nitafika nikute damu.

Nilikuta Bibi Nyangeta amekaa barazani anapukuchua mahindi. Mkata kimeo alikuwa ameitwa, bado hajafika. Mama Masatu alikuwa ndani na mtoto, na nilimsikia mtoto akiguna kila akitoa hewa. Nikapiga magoti pale chini na matope yangu.

"Bibi, nimekosa. Mimi ni binti wa Butiama, nilipaswa kujua. Nisamehe."

Akaendelea kupukuchua. "Umekuja na miguu?"

"Nusu baiskeli, nusu miguu."

"Hiyo baiskeli ndiyo umeibeba hivyo?" Akatikisa kichwa. Nikaona mdomo wake umecheza kidogo, nikapata tumaini.

Sikuanza na nimonia. Nilikumbuka Mzee Kisire na mbuzi wake. Nikamuuliza, "Bibi, ng'ombe hapa nyumbani hamuwahesabu. Sasa wakirudi jioni mnajuaje wametimia?"

"Tunawajua sura. Halafu mzee wangu anawekaga vijiwe kwenye kibuyu. Ng'ombe akitoka, kijiwe kinaingia. Akirudi, kinatoka. Kijiwe kikibaki, tunaenda kutafuta."

"Huko si kuhesabu?"

"Huko ni kuweka vijiwe," akanijibu, kama anamwelewesha mtoto wa darasa la kwanza.

"Na mahindi, je? Yanahesabika?"

"Mahindi chakula. Hesabu unavyotaka."

Nikachota mahindi aliyokuwa ameyapukuchua, nikahesabu punje hamsini, nikazimwaga mapajani mwake juu ya khanga. Nikaomba sahani ya bati. Nikamwambia: mlete mjukuu wako, umfunue mwenyewe. Tumbo likipanda, dondosha punje moja kwenye sahani. Usitaje namba, hata mimi sitataja. Mimi nitashika saa. Zikiisha kabla ya dakika, tunampeleka hospitali. Zikibaki, nitabeba baiskeli yangu niondoke, na mkata kimeo atakuja afanye mnavyotaka.

Hili la mwisho lilinitoka mdomoni, na nisingelitimiza kamwe, lakini tuendelee.

Mama Masatu akamleta mtoto. Bibi akaanza. Punje ikalia kwenye bati, ikalia nyingine, nyingine, na mkono wake wa kizee ukawa unakimbia kumfuata mtoto. Mapajani punje zikaisha, na mshale wa saa yangu ulikuwa bado una safari. Alipapasa khanga akitafuta punje ambayo haikuwapo. Akanitazama usoni. Kisha akamtazama mtoto, safari hii kwa karibu, akaweka kidole chini ya mbavu.

"Mbona hapa panabonyea?"

Alijijibu mwenyewe. Akasimama, mahindi yote yakamwagika uani na kuku wakayavamia, akamwambia mkwewe, "Wewe unangoja nini? Lete shuka!" Nilimchoma Masatu sindano ya kwanza palepale barazani. Tulipokuwa tunatoka, mkata kimeo ndiyo anaingia na kifurushi chake. Bibi Nyangeta hakusimama hata kumsalimu. "Rudi nyumbani," akamwambia. "Punje zimeisha." Yule mzee alibaki pale uani amezungukwa na kuku, hajui ni punje gani.

Tulipata gari la mahindi lililokuwa likienda Musoma. Njiani mtoto aliacha kulia, na kuacha kulia kwa mtoto mgonjwa si habari njema, kwa hiyo nikawa namkuna nyayo ili nimsikie analalamika. Bibi alikuwa amekaa juu ya magunia na ile sahani ya bati kwapani, hakuiacha. Hospitalini Masatu aliwekewa oksijeni na akachomwa dawa kila baada ya saa kadhaa. Siku ya tatu akanyonya. Bibi Nyangeta akapiga vigelegele katikati ya wodi, muuguzi wa zamu akamfokea, naye akamwambia, "Nifokee tu mwanangu, leo hata ukinipiga nitacheka."

Baada ya hapo alinijia zahanati mwenyewe. Alitaka punje za kwake. Tulishona vifuko viwili: kimoja cha mahindi, punje hamsini, kwa mtoto ambaye hajaanza kutembea, kingine cha kunde, arobaini, kwa anayetembea. Nikampa na saa ndogo ya plastiki tuliyogawiwa kwa kazi hiyo, inayolia dakika ikitimia. Yeye aliiita jogoo. Wenye watoto wachanga kabisa nilimwambia asiwapime, awalete tu. Na nilimwonya kwamba punje zikibaki haina maana mtoto ni mzima: asiyenyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea au mwenye degedege, huyo aje hata kama punje zimejaa mkono. Kina mama wa kitongoji kizima wakawa wanapita kwake kwanza, kisha kwangu. Wakifika mlangoni husema, "Sista, punje zimeisha," nami najua pa kuanzia.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Sisi tulichemsha sindano kwenye sufuria. Tulichoma watoto penisilini mpaka wakituona na koti tu wanalia, hata tukiwa kanisani. Ikaja septrini, ikachoka. Ninyi mna amoksilini ya kuyeyuka kwenye kijiko, mtoto anainywa anaomba nyingine. Mna chanjo, na wodi nilizoziona mimi zimejaa vikohozi, ninyi mnaziona zina nafasi. Mna hicho kibana kidole. Vipendeni vifaa vyenu, lakini betri ikiisha, mtoto bado ana tumbo linalopanda na kushuka. Na mwambieni mama amalize dozi. Mtoto akichangamka siku ya pili, dawa hufichwa kwa ajili ya mdogo wake. Hilo halijabadilika hata kidogo.

Sasa kuna jambo moja Bibi Nyangeta alinifundisha ambalo sijaliona kwenye mwongozo wowote.

Ilipita kama miaka miwili, nikaanza kuona watoto kutoka kwa Bibi wanafika na pumzi ambazo si nyingi. Namhesabu mtoto moyoni, napata arobaini na nne. Mwingine arobaini na sita. Wote wa kifuko cha mahindi, ambao hamsini hawajafika. Nikasema bibi amezeeka, anadondosha punje mbilimbili. Asubuhi moja akaja mama na binti yake, Neema, wa miezi tisa, arobaini na nne. Ananyonya, anacheka, mbavu ziko sawa. Nilikuwa namwandikia arudi nyumbani, aje tena akizidiwa, mvua ikaanguka nikamwambia asubiri ikatike. Mvua haikukatika mpaka mchana. Mchana ule, pale kwenye benchi langu, Neema akapanda hadi hamsini na nane na mbavu zikaanza kubonyea. Dawa ilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Angekuwa ameshafika nyumbani, ile mbuga isingepitika.

Nikaenda kwa Bibi Nyangeta nikamwomba kifuko. Nikazimwaga punje, nikahesabu. Arobaini na moja.

"Bibi, nyingine zimeliwa na kuku?"

"Kuku wa nani? Nimezitoa mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Wewe uliweka punje za mtu aliyekaa hapo zahanati. Mimi nakaa huku. Mtoto akimaliza punje zako akiwa kwangu, akifika kwako atakuwa amemaliza ngapi?" Akazirudisha kwenye kifuko, akakifunga. "Hizo nilizotoa ni za njiani."

Kuanzia siku ile kila bibi aliyekuja kuomba kifuko nilimuuliza kwanza anakaa wapi. Wa karibu nilimpa hamsini. Wa ng'ambo ya korongo nilimtolea za njiani. Tulipata watoto wengi waliokuja mapema mno, na wakubwa waliokuja kukagua walinung'unika kuwa najaza daftari kwa watoto wazima. Niliwajibu kwamba sijawahi kumzika mtoto aliyeletwa mapema.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaachia. Lakini nisipomalizia na la mwaka jana, Rehema atawaambia yeye, na atalikuza.

Masika ya mwaka jana nilikohoa wiki nzima. Nikasema ni upepo wa ziwani. Rehema akaniambia, "Bibi, twende ukapimwe," nikamuuliza ni nani kati yetu aliyefanya kazi hii miaka thelathini. Sikuwa na homa, na nikajiambia bila homa hakuna kitu, ingawa nimewafundisha watu wengi kwamba mwili wa mzee unaweza kuugua nimonia bila hata kupata joto. Chakula kilinishinda. Nikakitia lawama kwamba kimepikwa vibaya, na nimekipika mimi.

Katika siku hizo Masatu akanipigia simu. Ndiyo, Masatu yuleyule. Ana mke, ana shamba, na anapuliza tarumbeta kanisani kwao kwa mapafu yale yale, mpaka mbwa wa jirani wanajibu. Alitaka niende Bugwema kwenye ubatizo wa mtoto wake. Akaniuliza, "Sista, mbona unaongea kama umetoka kukimbia?" Nikamwambia nimetoka kufagia. Nilikuwa kwenye kiti tangu asubuhi.

Nikasikia anasema na mtu, kisha sauti ya Bibi Nyangeta ikaja. Sasa ni mzee sana, haoni mbali, lakini masikio yamebaki yote.

"Wakuru. Weka simu mdomoni. Usiongee. Pumua tu."

"Bibi, mimi sija..."

"Nimesema usiongee."

Nikapumua. Upande wa pili nikasikia kitu kikilia kwenye bati. Kikalia tena. Na tena. Nikajua, na nikataka kucheka, lakini kucheka kulinichoma ubavuni. Nikatulia nikisikiliza pumzi zangu mwenyewe zikidondoka kwenye sahani kule Bugwema, moja moja, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikaogopa.

"Zimeisha," akasema. "Na jogoo hajalia."

Alikuwa na kifuko cha tatu, cha mbegu za maboga, alichokitengeneza kwa ajili ya wazee baada ya mumewe kuugua. Mimi ndiye niliyempa kipimo: thelathini. Nikakusanya ubishi wote uliobaki.

"Bibi, humo si umeshatoa za njiani? Mimi nakaa Nyasho. Hospitali iko hapa karibu. Njia gani tena?"

"Za njiani sijatoa hata moja," akasema Bibi Nyangeta. "Kwako nimetoa za ubishi."

Nikamwita Rehema aniletee viatu.